Barua ya wazi kwa Makamu Mkuu wa Chuo: tunasoma kemia ya angahewa na hatujawahi kupima hewa

Kwako Mheshimiwa Makamu Mkuu wa Chuo,

Shikamoo Profesa.

YAH: KOZI YA KEMIA YA ANGAHEWA KUFUNDISHWA BILA MWALIMU WAKE, BILA PRAKTIKALI NA BILA KIFAA KINACHOFANYA KAZI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, shahada ya kemia, hapa hapa chuoni kwako Arusha. Naandika mimi lakini wenzangu 22 tunaosoma nao kozi hii wameisoma barua yote kabla sijaiweka hadharani na wamesema iende. Jina la chuo sijalitaja kwa makusudi maana hatuna nia ya kumchafua mtu, wewe ukisoma utajua ni wewe na wasaidizi wako watajua ni wao, inatosha.

Naomba kwanza nieleze imefikaje huku, ili asije mtu akasema vijana wa siku hizi wanakimbilia mtandaoni. Mwezi wa kumi na moja mwaka jana mwakilishi wetu wa darasa aliongea na mkuu wa idara kwa mdomo. Tukaambiwa tuandike barua, tukaandika. Januari tukaambiwa barua haionekani, tukaandika nyingine, hiyo tukaipeleka wenyewe masijala ikagongwa muhuri mbele yetu na kopi ninayo. Machi jibu likawa linafanyiwa kazi. Mei tukaomba kuonana na wewe mwenyewe, sekretari wako alitupokea vizuri sana, akatupa tarehe, siku ilipofika tukakaa pale kwenye benchi toka saa tatu mpaka saa saba ndo tukaambiwa umesafiri kikazi. Hatukulaumu kwa safari. Ila toka siku hiyo hatujapewa tarehe nyingine na UE, mtihani wetu wa mwisho, iko wiki sita mbele, kwahiyo tumeona tuseme kwa sauti.

Malalamiko yetu ni haya.

1. Praktikali yetu ni karatasi ya fotokopi.

Prospektasi inasema kozi hii ina masaa ya lekcha na masaa ya maabara, na maabara ina alama zake. Profesa naomba nikueleze inavyokwenda maana sidhani kama umewahi kuambiwa. Jumatano saa nane mchana tunaingia maabara tumevaa makoti meupe, tunazunguka meza, alafu tunagawiwa fotokopi moja kwa watu wanne. Ndani yake kuna jedwali, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni, safu moja naitriki oksaidi, safu ya pili naitrojeni daioksaidi, safu ya tatu ozoni, yaani oksijeni ya atomu tatu. Asubuhi naitriki oksaidi inapanda magari yakiwa yameingia barabarani, baada ya hapo inashuka na naitrojeni daioksaidi inapanda, alafu jua likishakolea ozoni nayo inaanza kupanda taratibu mpaka mchana mkali. Ni somo tamu sana lile, ukilichora kwenye grafu unaliona jua linavyoipika hewa saa kwa saa. Ila pale chini kabisa, kwa maandishi yaliyofifia, pameandikwa Los Angeles.

Na ni kweli kemia hii kwa sehemu kubwa ilianza kueleweka huko, mkemia Arie Haagen-Smit miaka ya 1950 ndo alionyesha kwamba ule ukungu uliokuwa unawawasha watu macho ulitokana na moshi wa magari na mvuke wa mafuta vikipigwa na jua. Kusoma ya Los Angeles ni sawa kabisa. Kinachofuata ndo hakiko sawa, maana tunatakiwa kuandika ripoti kana kwamba tumepima sisi. Kuna sehemu ya vifaa vilivyotumika, sehemu ya hatua tulizofuata, sehemu ya tahadhari tulizochukua. Nimeandika kwa mkono wangu kwamba tulihakikisha mrija wa kifaa hauna unyevu, na hicho kifaa sijakigusa hata siku moja. Nilipata 17 kati ya 20. Rafiki yangu aliazima ripoti ya kaka mmoja aliyemaliza miaka mitatu iliyopita, namba ni zile zile zote, mpaka ile ya saa nane mchana ambayo kwenye fotokopi haijulikani kama ni 6 au 8, yeye aliweka 8 na sisi tumeweka 8.

Hilo ndo linaniuma kuliko yote nitakayoandika hapa. Kukosa kifaa ni umaskini, tumezaliwa nao tunaujua, lakini kumfundisha mtu anayetaka kuwa mkemia aandike kipimo ambacho hakukipima na kumpa maksi kwa hilo, hiyo inatuharibu na tutaondoka nayo hapa.

2. Mashine ya kupima ozoni ipo, imefunikwa turubai.

Iko chumba cha mwisho korido ya juu. Tumeambiwa ililetwa na mradi, ikafanya kazi mwaka na kitu, mradi ulipoisha nayo ikazimwa. Mwezi wa tatu teknishani alitufungulia tukaingia watu watano. Turubai la bluu, vumbi juu yake unaweza kuandika jina kwa kidole.

Sasa hii mashine haina maajabu Profesa, wewe unajua kuliko mimi lakini wapo watakaosoma ambao hawajui. Ndani kuna taa ya zebaki inayotoa mwanga wa urujuanimno wa nanomita 254, na ozoni inaunyonya sana mwanga wa hapo. Pampu ndogo inavuta hewa ya nje inaipitisha kwenye bomba, raundi moja hewa inapita kama ilivyo, raundi nyingine inapitishwa kwanza kwenye kichujio kinachoondoa ozoni yote, mashine inalinganisha mwanga uliofika upande wa pili raundi hizo mbili, na kwa sheria ya Beer na Lambert tuliyoisoma mwaka wa kwanza, kwamba gesi ikiwa nyingi mwanga unanyonywa zaidi, inakupa kiasi cha ozoni. Basi ni hivyo. Vinavyochoka ni taa, pampu na kichujio. Teknishani alituambia taa imekufa na pampu haivuti, na maombi ya vipuri ameshaandika mara mbili.

Kuna kitu kingine tulikiona wenyewe. Ule mrija unaotokeza dirishani kuvuta hewa ulikuwa umeziba, mwenzetu akaugonga na kalamu, ikadondoka tope iliyokauka kumbe nyigu walijenga mle ndani, na kwenye ile tope kulikuwa na buibui wadogo wamekauka, wale ambao nyigu huwawekea watoto wake. Hakuna aliyecheka. Tulikuwa tumesimama mbele ya kifaa ambacho kingetufanya tuwe wanafunzi wa kemia ya angahewa kweli kweli, na nyigu ndo wamekitumia kuliko sisi.

3. Hatuna mwalimu wa kozi hii.

Aliyekuwa anaifundisha ameenda masomoni, tunamtakia heri. Anayeishikilia saa hizi ni mwalimu wa kemia ya uchambuzi, ana kozi zake tatu tayari, na alitwambia ukweli siku ya kwanza kwamba yeye sio wa fani hii na baadhi ya mada anazisoma usiku ili atufundishe asubuhi. Tunamheshimu sana kwa kusema vile na naomba barua hii isimletee shida yoyote. Kwa juhudi zake tumepitia vizuri nadharia: Chapman na zile hatua zake nne za mwaka 1930 jinsi ozoni inavyotengenezwa na kuvunjwa kule stratosfia, tabaka la juu la angahewa, Crutzen na jinsi oksaidi za naitrojeni zinavyoivunja, mwaka 1970, Molina na Rowland mwaka 1974 na gesi za mafriji zinavyoiharibu, mpaka watatu hao wakapewa Nobel 1995. Tukiulizwa kwenye mtihani tutajibu. Lakini tukiuliza swali lolote ambalo haliko kwenye slaidi linabaki hewani, na hapa ndo naingia kwenye la nne.

4. Tuna swali kuhusu hewa ya Arusha na hakuna wa kutusaidia kulijibu.

Baada ya kuona mashine haiamki tuliamua tutafute njia. Kuna karatasi ya zamani sana ya kupimia ozoni, ya mkemia Schönbein aliyeigundua ozoni yenyewe karne ya 19. Unachukua mililita 100 za maji yaliyochujwa, gramu 5 za wanga wa mahindi, unapika huku unakoroga mpaka uwe uji mzito unaong'aa, unatia gramu 1 ya potasiamu ayodaidi, unapaka kwenye karatasi ya kuchujia, unaanika gizani. Siku ya kutumia unailowesha unaitundika nje kivulini masaa nane. Ozoni inaitoa ayodini, ayodini inashikana na wanga, karatasi inageuka zambarau, na kadiri ozoni ilivyo nyingi ndivyo rangi inavyokolea. Tulipikia geto kwa mwenzetu anayekaa mtaa wa Sakina, kwenye jiko la gesi, sufuria tuliyotumia ile haipikiwi tena chakula.

Tukatundika sehemu tatu. Sanawari karibu na mataa, pale haisi na bodaboda na malori hayakauki. Hapa chuoni. Na ya tatu kule juu kuelekea msitu wa Olmotonyi. Kila mtu darasani aliamini ya Sanawari ndo itakolea maana ndo kwenye moshi. Jioni tukakutana, ya Sanawari karibu nyeupe vile vile, ya chuoni zambarau ya mbali, ya Olmotonyi imekolea kabisa. Tukarudia jumamosi iliyofuata, ikawa vile vile.

Profesa ile jioni sitaisahau, tulibishana mpaka saa nne usiku. Mmoja akasema ni kweli inavyotakiwa kuwa, naitriki oksaidi inayotoka kwenye eksozi inaila ozoni pale pale barabarani inageuka naitrojeni daioksaidi, kwahiyo kwenye foleni ozoni inashuka, alafu hewa hiyo ikishasogea mbali na magari, ikakutana na mivuke inayotolewa na miti kama ile mikaratusi, jua likaifanyia kazi, ozoni inapanda upya huko juu. Mwingine akasema hapana, Olmotonyi kuna unyevu zaidi, na karatasi ikiwa mbichi muda mrefu inabadilika rangi haraka, tumepima ukungu. Mimi nikaleta la tatu kwamba hata naitrojeni daioksaidi yenyewe inaweza kuitoa ayodini kwenye karatasi, kwahiyo hatuwezi kuwa na uhakika rangi ni ya ozoni peke yake. Majibu matatu na yote yana kichwa na miguu. Mashine ile ya turubai ingemaliza ubishi kwa wiki moja, unaiweka pale unaitundika karatasi pembeni yake unalinganisha. Tukampelekea mwalimu karatasi zetu, akazitazama moja moja dirishani, akasema hili ni swali zuri na mimi sina jibu.

Hiyo ndo praktikali pekee tuliyofanya mwaka mzima na haina alama.

5. Ada ya maabara.

Tunailipa kila mwaka, risiti zipo. Tunaomba tuonyeshwe kwa upande wa kozi hii imenunua nini. Wengine humu wanalipiwa na bumu na wengine wazazi wao wanauza ndizi na maziwa, sina haja ya kurefusha.

Sasa najua majibu yatakayokuja, mengine tumeshayasikia korido.

La kwanza ni bajeti. Profesa hatujaomba mashine mpya hata mara moja. Tumeomba taa, pampu, kichujio, stabilaiza kwa sababu ya umeme unaopanda na kushuka, na mtu wa kuikalibreti, yaani kuhakiki kwamba inasoma sawasawa. Na hata kama hilo likichukua muda kuna vitu vinaweza kuanza wiki ijayo kwa vifaa vilivyopo. Karatasi za Schönbein gharama yake umeiona hapo juu. Mizani ya idara inasoma mpaka sehemu ya elfu kumi ya gramu, ukipata pampu ya kawaida na karatasi ya kuchujia unakusanya vumbi la hewa masaa 24 unapima kabla na baada. Naitrojeni daioksaidi inapimwa na vijirija vya plastiki vilivyopakwa trayethanolamini, kemikali inayoinasa gesi hiyo, upande mmoja, unavitundika wiki mbili bila umeme wowote, alafu unavisoma kwa rangi kwenye spektrofotomita, na spektrofotomita yetu ni nzima, tunaitumia kwenye praktikali za maji. Na kuhusu kwamba kifaa ni cha zamani, naomba tukumbuke lile tundu la ozoni la Antaktika lililotangazwa mwaka 1985. Mtafiti Farman na wenzake wawili waliliona kwa kifaa cha Dobson cha kupimia ozoni, ubunifu wa miaka ya 1920, kwa sababu kituo chao kule Halley Bay kilikuwa kinapima mahali pale pale mwaka baada ya mwaka toka miaka ya 1950. Miaka miwili tu baadaye, 1987, dunia ikasaini mkataba wa Montreal wa kupunguza gesi zinazoiharibu ozoni. Kifaa cha zamani kikitunzwa kinafanya hayo.

La pili ni kwamba fani hii haina ajira. Hapa naomba niseme kitu cha kwangu. Juni iliyopita, unajua Arusha Juni inavyokuwa, jua siku nzima halionekani na Meru huioni kabisa, usiku baridi inaingia mpaka kwenye mifupa. Jirani yangu mama mmoja wa watoto wawili aliingiza jiko la mkaa chumbani, akafunga dirisha akaweka na kanga chini ya mlango. Saa saba usiku mtoto mkubwa alitoka anapepesuka akagonga kwangu. Tuliwatoa wote nje, mama anatapika, mdogo ameregea kama nguo mbichi, bodaboda mbili tukawakimbiza hospitali, Mungu ni mwema wote wapo. Kaboni monoksaidi, ile gesi ya jiko la mkaa, haina harufu haina rangi, na inaing'ang'ania damu mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni inavyoweza. Nilikuwa nayajua hayo, nilishayajibia mtihani. Asubuhi yake yule mama aliporudi akaniuliza, mwanangu si ndo wewe unasomea mambo ya hewa, sasa chumba hiki kwa mkaa huu nikiacha dirisha wazi kidogo inatosha, au ni mpaka nitoe jiko kabisa? Nikamwambia atoe kabisa, na ndo jibu sahihi. Lakini akauliza tena, na jikoni kule nyuma ambako napika kila siku, kule kukoje? Hapo sikuwa na cha kumjibu maana sijawahi kushika kifaa cha kupima hewa ya jiko lolote.

Nchi imeweka mkakati wa nishati safi ya kupikia wa mwaka 2024 mpaka 2034, lengo ni asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Nani ataingia jikoni kwa watu kupima kama hewa imebadilika kweli? Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 limeshusha kiwango cha zile chembechembe ndogo sana za vumbi na moshi, PM2.5, mpaka maikrogramu 5 kwa mita ya ujazo kwa wastani wa mwaka, kabla ya hapo ilikuwa 10. Nani atatuambia Unga Limited au Kilombero sokoni, hapa Arusha, wako wapi kwenye hiyo namba? Gesi za mafriji na viyoyozi zinazotakiwa kupunguzwa kwa makubaliano ya Kigali ya 2016, nani atazipima? Kazi zipo nyingi sana, watu wa kuzifanya ndo inabidi muwatengeneze, na sisi ndo tumekaa hapo darasani.

La tatu, kwamba tuko wachache. Tuko 23. Mwaka jana walikuwa zaidi, wakahama kozi waliposikia inavyofundishwa.

La nne nimelisikia kwa masikio yangu na lilinishtua kwa sababu alilisema mtu mkubwa, kwamba kemia ya angahewa ni sayansi ya wenzetu wenye viwanda vingi. Profesa hili naomba nilijibu kwa kirefu kidogo maana ndo mzizi.

Kinachoisafisha hewa ya dunia ni radikali ya haidroksili, kipande cha molekuli (OH) kinachoshambulia haraka gesi nyingine, wanasayansi wengine huiita sabuni ya angahewa. Inazaliwa pale ambapo mwanga wa urujuanimno wenye nguvu unaivunja ozoni, na ile atomu ya oksijeni iliyochangamka ikakutana na mvuke wa maji. Kwahiyo inahitaji jua la utosini na unyevu. Wapi kuna vyote viwili? Huku kwetu, ukanda wa tropiki. Metheni inayotoka kwenye mifugo na mabwawa na mabomba ya gesi ya dunia nzima inadumu hewani kama miaka tisa hivi, na sehemu kubwa inakwenda kuvunjwiwa kwenye anga ya tropiki. Hewa ya Ulaya inaoshewa huku alafu mtu anatuambia sio sayansi yetu.

Alafu angalia tulipokaa. Kaskazini yetu kuna Ol Doinyo Lengai, volkano pekee duniani inayojulikana kutoa siku hizi lava ya kabonati za sodiamu, ililipuka kwa majivu mwaka 2007, na gesi inatoa. Mashariki kuna Kilimanjaro, mita 5,895, ukifika Uhuru hewa imebaki kama nusu ya ile ya pwani, ukipanda kutoka Moshi mjini mpaka pale umepita kwenye kama asilimia 40 ya angahewa kwa miguu yako, ni maabara gani nyingine duniani iko hivyo. Mwaka 2000 mtafiti wa barafu Lonnie Thompson na timu yake walipanda wakachimba nguzo sita za barafu, zikasafirishwa mpaka Ohio, Marekani, zikasomwa historia ya hali ya hewa ya karibu miaka 11,700, na mwaka 2002 wakachapisha, humo ndo tukajua barafu ya Kibo ilipungua kwa kama asilimia 80 kati ya 1912 na 2000. Nashukuru kwamba waliifanya. Ila barafu ilikuwa inaonekana kutoka dirisha la darasa la mtoto wa Moshi na imesomewa Ohio.

Na jirani wamewezaje? Nairobi, hapo hapo, unapanda basi asubuhi mchana umefika, wanarusha puto lenye kifaa cha ozoni kwa kawaida mara moja kwa wiki toka miaka ya 1990, linapanda mpaka stratosfia. Unajua ndani ya kile kifaa kuna nini Profesa? Maji yenye potasiamu ayodaidi. Dawa ile ile tuliyopika na wanga kule Sakina. Nilipolisoma hilo nilisimama kabisa kwenye kiti, kwamba hatuko mbali kiasi kile tulichokuwa tunafikiri.

Hapa Arusha kila mtu anajua floraidi kwenye maji, inaonekana kwenye meno ya ndugu zetu, na tafiti zake zimefanyika nyingi na watu wamesoma mpaka uzamivu kwa hilo. Kwa nini? Kwa sababu walimu waliamua maji tunayokunywa yapimwe. Hewa tunaivuta mara nyingi kuliko tunavyokunywa maji.

Tunachokuomba, kwa heshima zote:

Mashine ya ozoni ipatiwe taa, pampu na kichujio kipya, mrija usafishwe na uwekewe wavu mdomoni nyigu wasirudi, iwekewe stabilaiza, na ipangwe ratiba ili wanafunzi ndo waitunze chini ya teknishani. Tuko tayari kupangwa zamu hata za wikiendi.

Praktikali za fotokopi zisimame. Kama wiki fulani hakuna kifaa, tupewe hiyo data kwa jina lake, kwamba hii ni data ya Los Angeles ichambue, na ripoti isidai kwamba tulipima. Hili haligharimu shilingi na linaweza kuanza kesho.

Atafutwe mwalimu wa fani hata wa muda, hata wa kufundisha kwa mtandao kutoka chuo kingine, na mwalimu wetu wa sasa apunguziwe mzigo.

Tuonyeshwe matumizi ya ada ya maabara kwa kozi hii. Na kama inawezekana safari moja ya Nairobi kuona puto likirushwa, nauli tuko tayari kuchangia nusu.

Tunaomba jibu la maandishi ndani ya siku 21. Lisipokuja tutapeleka barua hii ilivyo, pamoja na kopi zenye muhuri, kwenye mamlaka inayosimamia vyuo vikuu. Hatutagoma, hatutafunga geti, madarasani tutaingia kama kawaida.

Karatasi zetu sita ziko kwa mwakilishi wa darasa ndani ya bahasha ya kaki, hazipigwi na mwanga, kila moja ina tarehe, saa na mahali ilipotundikwa. Ukipata hata dakika kumi tutakuletea ofisini uzione.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu, Kemia
Kwa idhini ya wenzangu 22
Arusha